Mtungi wa Mtu Mmoja

Arlys Tollefson alikuja mezani pangu mwezi wa Januari, asubuhi ya baridi kavu ya jangwani, amevaa glavu nyeupe za pamba. Nilimjua. Kambi nzima ilimjua. Kilichonishangaza ni hizo glavu, maana glavu zake tulizozizoea zilikuwa nene, za rangi ya machungwa, za kuongozea magari.

Sisi tunaoishi kwenye magari-nyumba mwaka mzima hushuka Arizona baridi ikianza kaskazini, na huondoka joto likianza kutukaanga. Katikati hapo tunaoana, tunagombana, tunauziana vitu. Mimi ni wa kuuziana. Nina meza mbili na turubai, na juu ya meza kuna pampu, mipira ya maji, betri, vioo vya pembeni, kila kitu ambacho mtu alikinunua kwa bei ya ujinga na sasa anataka kukiondoa kabla mkewe hajakiona.

Arlys alikuwa dereva wa basi la shule huko Minnesota, kwenye mji mdogo ambao theluji hukaa mpaka watu wanaisahau rangi ya ardhi. Aliendesha basi hilo maisha yake yote ya kazi. Alijisifu kwamba hakuwahi kugonga kitu isipokuwa sanduku moja la barua, na hilo alisema lilimsogelea lenyewe. Alipostaafu, yeye na mumewe Merle waliuza nyumba, wakanunua gari-nyumba refu la rangi ya maziwa, wakamwachia binti yao Karin vyombo, picha na paka.

Kambini alijipatia kazi isiyo na malipo. Gari-nyumba likiingia kwenye nafasi yake linaingia kinyumenyume, na mwenye usukani haoni nyuma. Lazima mtu asimame huko na kumwashiria kwa mikono. Wenye ndoa wengi wamefika karibu na talaka kwa jambo hili. Mume anapiga kelele, mke anapiga kelele, mti unavunjika. Arlys akisikia kelele hizo alikuwa anavaa glavu zake, anakwenda, anamwambia mke, "Mama, nenda kanywe kahawa," kisha anasimama mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo. Mkono mmoja juu, mwingine unavuta hewa polepole. Gari linaingia kama droo kwenye kabati.

Sasa alisimama mbele ya meza yangu akatazama mitungi miwili ya kulainisha maji, hakuigusa.

"Hii inafanya kazi au umeipaka rangi tu?" akauliza.

"Arlys, wewe ni wa kuniuliza hivyo?"

"Nakuuliza wewe hasa. Mwaka juzi ulimuuzia Merle hita iliyokuwa na kiota cha panya."

"Kiota hakikuwa kwenye bei. Nilimpa bure."

Akacheka, kisha akavua glavu moja, nikaacha kucheka. Kiganja kilikuwa chekundu, kimechanika kwenye mistari yote, ngozi inabanduka kama rangi kwenye ubao uliopigwa jua. Vuli ile madaktari walimkuta na uvimbe kwenye utumbo, na ulikwisha kufika kwenye ini. Walimpa vidonge. Vidonge havikuwa vya kumponya, na hawakumdanganya. Vilikuwa vya kuuchelewesha. Lakini vilimla viganja na nyayo. Juu ya hayo, maji ya kambi yetu yanatoka kisima kirefu na yamejaa chokaa. Birika linaota ukoko mweupe ndani ya wiki. Sabuni haitoi povu, inaganda. Mtu mwenye ngozi nzima anajikuna tu na kulalamika. Arlys alikuwa kama anayenawa kwa msasa.

"Naogopa kufungua bomba," alisema. "Mimi. Nimeendesha basi lenye watoto arobaini kwenye barafu, naogopa bomba."

Akaniambia lililobaki bila kuzunguka. Karin alikuwa ameona mikono ile kwenye simu. Amesema kama hali haibadiliki kabla mwezi haujaisha, atakuja na ndege kumchukua. Chumba cha chini ya nyumba kimeshapakwa rangi, kitanda kimeshanunuliwa.

"Chumba kizuri," nikasema, kwa kuwa lazima mtu aseme kitu.

"Nimelala mle. Mashine ya kufulia iko nyuma ya ukuta, inanguruma sikioni. Sitaki kufa nikisikiliza soksi za mkwe wangu zinazunguka." Akavaa tena glavu, kidole kimoja kimoja. "Nataka kitanda changu. Kiko mita thelathini kutoka hapa. Nitafutie maji yatakayonikalisha humo."

Mtungi wa kulainisha maji si mashine ya ajabu. Ndani umejaa punje ndogo kama mayai ya samaki. Maji yanapita katikati yake, punje zinanasa chokaa, maji yanatoka upande wa pili yakiwa laini. Punje zikishiba chokaa unazilisha chumvi ya mezani, ile ile ya jikoni, unaziosha kwa maji mengi, zinaanza upya. Anayekuambia mengine zaidi ya hayo anataka kupandisha bei. Kwa hiyo mtu anachagua ukubwa. Mtungi wangu mdogo ulihitaji kulishwa kila baada ya siku chache kwenye maji kama ya kwetu. Mkubwa ungekaa karibu mwezi. Mdogo ulikuwa wa kubebwa kwa mkono. Mkubwa, ukijaa maji, ulihitaji watu wawili na dua.

Merle akafika akiwa na kikombe cha kahawa. Ni mtu mrefu, mpole, aliyekuwa fundi wa mashine za shambani mpaka mgongo ukamkataa. Akautazama mkubwa kama mtu anavyotazama farasi.

"Huu," akasema.

"Hata hujauliza bei," nikamwambia.

"Huu utadumu miaka mingapi?"

"Punje zake nzuri. Miaka kumi, ukiutunza."

"Basi huu. Miaka kumi inatosha kuanza nayo."

Arlys hakumtazama. Alikuwa amechuchumaa, anakagua kiungio cha mtungi mdogo kwa ncha ya penseli, kwa sababu vidole havikutaka. "Utaukalisha wapi?" akauliza.

Hapo ndipo penye sheria yetu. Gari-nyumba lina uzito wake na ekseli hazina huruma. Kitu kikiingia, kingine kinatoka. Kila mwenye akili kambini anaishi hivyo. Ukinunua viatu, unagawa viatu. Na masanduku ya chini ya gari la Tollefson yalikuwa yamejaa kama meno mdomoni.

"Nitatoa jiliwa langu la kubania vyuma," Merle akasema.

"Jiliwa ulishaliuza."

"Nitatoa minyororo ya kufunga magurudumu kwenye theluji."

"Iko kwa Karin. Kilichobaki kizito mle ni kikaango changu tu."

Kikaango hicho ni chuma cha duara cha umeme, kipana kama meza ya kahawa, alichorithi kwa mama yake. Kila Krismasi alikuwa akikitoa nje, akakaanga mikate myembamba ya viazi kama wanavyofanya watu wa kwao, nasi tulikuwa tunapanga foleni na siagi na sukari mkononi. Krismasi iliyopita hakukitoa. Hakuna aliyeuliza.

"Kitoe basi," Arlys akasema. "Krismasi hii sikukaanga, na wewe huwezi. Mpe huyu mwizi akiuze."

Merle akakasirika, na kukasirika kwake ni masikio kuwa mekundu tu. "Hakitoki. Utakaanga Krismasi ijayo."

"Nitakaanga?"

"Utakaanga."

"Basi kibaki. Kikibaki, mkubwa hauingii. Tunachukua mdogo."

Nimekaa nyuma ya meza miaka mingi na nimeshindwa na watu wajanja, lakini sijaona mtu akimfunga mwenzake kwa tumaini la mwenzake mwenyewe namna ile. Kama Merle angesema mdogo haufai, angekuwa anasema Krismasi ijayo haipo. Akanywa kahawa iliyokuwa imeshapoa.

"Mdogo, sawa," akasema. "Lakini bei ni mazungumzo yako, mimi nimechoka." Akaondoka.

Arlys alibaki, akanishusha bei kwa sababu ya mpira wa kiungio uliokauka, akanishusha tena kwa sababu ya kiota cha panya, akachukua bure mpira wa maji na vijikaratasi vya kupimia ugumu wa maji, yaani chokaa iliyomo. Nilimwachia. Lakini sikupenda kushindwa bila kujua sababu.

"Niambie kweli," nikasema. "Mkubwa ndio bora kwako. Maji mengi, kazi kidogo. Kwa nini huutaki?"

Akautazama mkubwa, akautikisa kwa mguu. Haukusogea.

"Huu nani atauinua?"

"Wewe na Merle. Sisi tupo."

"Nyinyi mpo mpaka Aprili. Baadaye yuko barabarani, kwenye kambi asikomjua mtu, na mgongo ule." Akauchukua mdogo kwa kuukumbatia kwa mikono ya mbele, viganja vikiwa hewani, akaupima uzito. "Namtafutia kitu ambacho mtu mmoja anaweza kubeba. Usimwambie."

Sikumwambia.

Mchana ule tuliufunga, mimi na Merle, kati ya bomba la kambi na gari. Maji ya kwanza tuliyamwaga, ya pili tukayapima, kijikaratasi kikabadilika rangi. Arlys aliingia jikoni mwake, akasimama mbele ya sinki kwa muda kabla hajafungua. Kisha akaweka mikono chini ya maji. Tulikuwa tunamwangalia kupitia dirishani kama watu wanaosubiri mtihani wa mtoto.

"Yanateleza," akasema. "Kama sabuni haijatoka."

"Ndivyo yalivyo," nikamwambia. "Yanachoma?"

Aligeuza viganja, akageuza tena, maji yakipita bure, na katika maisha yetu kumwaga maji bure ni karibu na dhambi. Merle hakumwambia afunge.

Mikono haikupona; vidonge havikuruhusu. Ila ilitulia. Michaniko ikaanza kujifunga pembeni, akaweza kuoga bila kuuma taulo. Karin alioneshwa kwenye simu, akalia, akaahirisha safari. Februari iliingia Arlys akiwa kitandani kwake. Mchana alikaa nje kwenye kiti cha kukunja, na gari likiingia vibaya alipiga kelele kutoka hapo hapo, "Kushoto, bwana! Kushoto kwako, si kwangu!"

Merle alijifunza kuulisha mtungi. Anafunga bomba, anafungua mpira wa kwenda garini, anamimina chumvi, anaacha maji yapite polepole na kumwagika mpaka yasiwe na ladha ya chumvi, kisha anaunganisha. Alikuwa anayaonja mwenyewe kwa ulimi, mbele ya watu, kama mpishi.

Halafu ikaja siku ya upepo. Jangwani kwetu upepo hauna hodi. Turubai la kivuli lililofungwa ubavuni mwa gari likishikwa na upepo linaweza kung'oka na kuondoka na ukuta, na mtu akipiga kelele "Turubai!" unaacha ulichoshika, hata kama ni mtoto, unakimbia. Merle alikuwa amekwisha kumimina chumvi na kuunganisha mpira kwa haraka ili vumbi lisiingie, akiwa na nia ya kufungua tena na kuosha upepo ukipungua. Jirani akapiga kelele. Merle akakimbia. Sote tulikuwa kule, tumening'inia kwenye turubai la mtu kama nguo kwenye kamba, tunatukanana na kucheka.

Arlys alikuwa na vumbi mwilini. Akaingia kuoga.

Ukelele wake tuliusikia juu ya upepo. Maji ya chumvi kali, kwenye viganja vile, nyayo zile, na mdomo uliojaa vidonda vya dawa. Merle aliachia turubai, na aliyekuwa upande wake akaangushwa nalo. Alipofika, mkewe alikuwa ameketi sakafuni pa bafu, mikono ameinyoosha mbele, hajui aiweke wapi.

Maji mengine yasiyo na chokaa hatukuwa nayo karibu. Majirani walikuja na chupa za maji ya kunywa, moja moja, kila mtu na akiba yake, tukawa tunampa Merle mlangoni na yeye anammwagia. Chupa zilijaa pale nje zikipeperushwa na upepo.

Kesho yake Merle alikuja mezani akiwa ameubeba mtungi mdogo. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyelala ndani ya moshi.

"Nipe ule mkubwa," akasema. "Huu unanitaka kila baada ya siku tatu. Nitakosea tena. Mkubwa nitaukosea mara moja kwa mwezi."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nami mtungi mkubwa ulikuwa unanikalia meza. Nilishaweka mkono juu yake nilipomwona Arlys anakuja, miguu imefungwa vitambaa ndani ya malapa ya Merle, anatembea kwa visigino kama bata. Kutoka kwao hadi kwangu ni hatua chache, alitumia muda mrefu. Merle alitaka kumkimbilia, mkewe akamzuia kwa mkono, ishara ile ile ya magari: simama hapo.

"Umekuja kubadilisha?" akamuuliza alipofika.

"Nimekuunguza, Arlys."

"Umeniunguza, ndiyo. Nimekuita majina usiku kucha, nimemaliza." Alihema kidogo. "Kikaango kipo?"

"Kipo."

"Basi mkubwa hauna pa kukaa. Tulishaongea."

"Kitupe kikaango! Nani anakihitaji hicho kikaango!" Merle alipaza sauti, na mimi sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

Arlys akatoa mfukoni glavu moja ya rangi ya machungwa.

"Sikiliza, mzee. Ukianza kulisha mtungi, kabla hujagusa chumvi, unaingia ndani unaivalisha hii kwenye bomba la bafu. Ikiwa pale, mimi sifungui. Ukimaliza, ukionja maji, ndipo unakuja kuivua. Wewe mwenyewe unakuja. Hata turubai liende mbinguni."

"Na ile nyingine?"

"Ya jikoni. Mimi siongozi tena gari lolote, zitafanya kazi gani nyingine?"

Merle akachukua glavu. Akaiweka juu ya mtungi mdogo, akauinua mtungi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamshika mkewe kiwiko, wakarudi. Nilimwona Arlys akitazama mkono ule uliobeba mtungi. Aliutazama njia yote.

Hakukosea tena. Kila nilipopita niliona glavu ya rangi ya machungwa dirishani na Merle nje ameinama, anaonja.

Arlys alifariki Machi, mchana, kitandani kwake, upande wa dirisha. Karin alikuwa amefika siku mbili kabla. Tulileta vyakula kama tunavyoleta: viazi vya jibini kwenye bakuli za bati, nyama ya nguruwe, keki tatu za aina moja kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenzake. Karin alikuwa mtu mzuri na mwenye haraka. Aliniuliza pembeni kama ninaweza kulinunua gari zima na vilivyomo. Nilimtajia bei ya haki, kwa maana gari lilikuwa zuri na mimi siongei na wafiwa kwa bei ya wizi. Naongea nao kwa bei ya kawaida. Akamwambia babake. Merle akasema hapana, akaendelea kuosha bakuli za watu. Maji yalikuwa yanateleza kwenye vyombo.

Aprili ilipopasha moto kambi, nikamwendea mwenyewe.

"Nanunua mtungi," nikamwambia. "Sasa uko peke yako, maji magumu hayatakuua. Na kikaango nitakipatia mtu."

"Hauuzwi," akasema. "Kikaango nimeshampa Karin. Alikibeba kwenye ndege, walimtoza." Akafikiri. "Wewe ndiye uliyemwambia mdogo unafaa?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nataka kuuza mkubwa."

Akatikisa kichwa, akafunga bomba, akafungua mpira, akamwaga maji yaliyokuwemo. Kisha akauinua mtungi, akausukuma mahali pake kwenye sanduku la chini. Mkono mmoja. Mgongo wake haukulalamika. Alisimama pale akiutazama mtungi, kisha akautazama mkono wake, na nikaona kwamba ameelewa sasa hivi, mbele yangu, jambo nililokatazwa kumwambia. Akafunga kifuniko cha sanduku. Akakaa chini kwenye kokoto, ameegemea gurudumu, na nikaenda kukagua taa za upande wa pili ambazo hazikuwa na tatizo.

Asubuhi ya kuondoka alihitaji kurudi nyuma kidogo ili akate kona. Nilikwenda kusimama nyuma, mikono juu, nikamvuta kama nilivyomwona Arlys akifanya. Gari likaja, likasimama. Merle akachungulia dirishani.

"Unaniita au unafukuza nzi?"

"Njoo tu, nafasi ipo."

"Yeye alikuwa hasemi nafasi ipo. Alikuwa anaonesha." Lakini hakukasirika. "Acha, bwana. Huko niendako hutakuwepo."

Akashuka. Akaja nyuma, akatazama nguzo, akatazama mti, akapima kwa macho. Akarudi, akapanda, akasogeza gari kiasi cha hatua moja. Akashuka tena. Glavu zote mbili zilikuwa zimevalishwa kwenye usukani, na kila alipopanda alizivua, na kila aliposhuka alizirudisha.

Mtungi mkubwa niliuuza asubuhi ile ile, kwa wachumba kutoka Oregon. Waliubeba pamoja, kila mmoja upande wake, wakicheka na kugombana nani anatembea kinyumenyume. Nyuma yao, barabarani, Merle alikuwa bado hajamaliza kona. Anapanda, anasogeza, anashuka kuangalia.